Nitakusindikiza kwa Baiskeli ya Shangazi Yako

Buyenzi, Bujumbura, usiku, baada ya isha

Zaituni mwanangu,

Barua hii mama yako atakupa ukiwa umeshakaa ndani ya basi, si kabla. Nimemwomba pia ahakikishe unapata kiti cha dirishani, upande wa kulia. Kwa nini kulia, utajua ukiendelea kusoma. Mambo ya karatasi za mpakani, ya kuvaa soksi, ya kutokula chakula cha njiani usichojua kimepikwa lini, hayo mama yako ameyasema wiki nzima mpaka majirani wameyashika kwa moyo. Mimi siyarudii.

Jambo moja kwanza. Kituoni hutaniona. Utazungusha macho kuitafuta kofia yangu katikati ya watu, na haitakuwepo. Najua itakuuma. Utamgeukia mama yako kwa ule uso wako wa hasira za kimya, naye atatazama pembeni kwa sababu kudanganya hakujui. Usishuke. Kaa, funga kioo vumbi lisikuingie, usome polepole. Kutoka kituoni mpaka barabara inapoanza kupanda muda upo wa kutosha, maana dereva lazima asimame Kamenge kuongeza mizigo. Hakuna dereva asiyesimama pale.

Desturi ya nyumba yetu unaijua. Anayekwenda mbali hasindikizwi mlangoni, wala kituoni. Anasindikizwa mpaka kona ya kwanza ya mlima, pale unapogeuka nyuma ukauona mji wote uko chini, na ziwa limelala pembeni yake mpaka kwenye milima ya Kongo. Warundi wa huko juu wanaita guherekeza, na wao ndio wenye jambo lenyewe. Sisi wa Buyenzi tuliwaiga tukaongeza ukaidi wetu. Babu yako alinifikisha pale kwa miguu, siku yangu ya kwanza kwenda kubeba ndizi Bugarama. Dada yako Hadija alipokwenda kuolewa Gitega, gari la maharusi lilipanda taratibu na mimi niko nyuma yake juu ya kinga yangu, ile baiskeli nyeusi nzito, suti imelowa jasho mpaka magotini. Pale kwenye kona Hadija alishuka, akanishika mkono, akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Wewe ulikuwa mdogo. Ulikuwa kwenye kioo cha nyuma, unanitolea ulimi.

Sasa juzi, ulipokuwa unakunja nguo zako, ukaniambia bila kuniangalia, "Papa, mi nitakuaga hapa nyumbani tu. We ubaki upumuzike." Ulisema kwa upole kabisa. Nikaitikia, nikasema sawa mwanangu, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji. Zaituni, sijawahi kusikia neno kutoka kwako likaniingia kama lile. Wewe ulikuwa unanihurumia, najua. Ndiyo maana lilinichoma.

Nyonga yangu ya kushoto unaifahamu kama unavyofahamu sauti ya mlango wetu. Ule ulaini unaokaa katikati ya mifupa umelika, daktari alisema, sasa mfupa unasaga mfupa. Lakini ilivyoanza hukujua, kwa sababu niliificha. Nilikuwa bado nazunguka na kinga kutengeneza vyerehani, kichwa cha cherehani cha mteja kimefungwa nyuma, na vifaa vyangu kwenye mkoba. Kila nilipofika kile kilima kidogo cha kwenda Nyakabiga, ambacho zamani sikukijua kama ni kilima, mguu ulikuwa unakataa. Nashuka, nasukuma. Mtu akiniuliza, nasema pancha. Nilisema pancha kwa muda mrefu sana. Watu wema wakaniazima pampu zao, nikazikubali, nikapiga upepo kwenye gurudumu lililojaa mpaka karibu lipasuke. Siku moja yule anayeziba matairi pale kwenye njia panda akalibonyeza kwa kidole gumba, akalikuta gumu, akanitazama. Akasema, "Fundi, pancha iko kwa mutu, haiko kwa kinga." Hakusema kwa ubaya. Mimi nikamnunia, nikawa napita barabara nyingine, ndefu zaidi, kwa mguu huohuo unaouma. Ona akili ya baba yako.

Halafu ikafika siku mguu ukashindwa kupanda juu ya ule mwamba wa katikati ya baiskeli. Nilikuwa uani kwa mteja, watu wananitazama. Niliuinua, ukaishia njiani, na mimi na kinga na cherehani tukalala chini pamoja. Tangu siku ile kinga nyeusi iko ukutani unapoiona, na wateja wanaleta vyerehani vyao mlangoni kwangu. Wanaoweza kubeba wanaleta. Wasioweza, sijui wanafanyaje.

Wewe ulidhani nilihuzunika kwa ajili ya kazi. Kazi ilikuwepo. Kilichoniishia ni kwenda. Mtu aliyezoea kinga ana mji wake peke yake, mwenye gari hauoni na mwenye miguu haufikii. Harufu ya mikate asubuhi inakupiga uso ukiwa tayari umeipita. Njia ya Kajaga, ziwa liko mkono wako wa kushoto, wavuvi wanaanika ndagala, na upepo unakuingia kwenye mikono ya shati. Nilikaa mlangoni nikawa mzee ndani ya mvua mbili. Mama yako ndiye aliyeona.

Ndoto zikaanza wakati huo. Nilikuwa naota napanda kinga. Sioti naanguka, sioti ajali. Naota napanda tu, tena kuelekea mlimani, na mlima hauna uzito. Migomba inapita pande zote, kuna ukungu mwembamba, sisikii mguu, sisikii pumzi, na kila kona ikiisha kuna kona nyingine nyepesi zaidi. Nikiamka nakuta mguu wa kulia unakanyaga chini ya shuka. Mama yako alikuwa akiniuliza gizani, kwa sauti ya usingizi, "Unaenda wapi tena?" Nilikuwa naona haya kumjibu.

Ndipo ikaja baiskeli ya shangazi yako Mwajuma. Unakumbuka ilivyofika kutoka Ubelgiji, imezungushiwa mablanketi, ndani ya kontena la watu. Shangazi yako alishapasuliwa goti huko, na alinitumia sauti kwenye simu akisema, kaka, huku vikongwe wote wako barabarani, wanawake wenye mvi wanakwenda sokoni na upepo wa baridi unawapiga usoni, wala hawahemi. Ina moteri ya umeme, akasema, itakusukuma. Mimi nilipoiona niliona mambo matatu kwa mpigo: haina mwamba wa katikati, ina kikapu mbele, na rangi yake ni kijani cha sabuni. Nikasema hii ni ya bibi wa Kizungu. Nikasema kama nataka moteri nitapanda pikipiki, hii si kinga wala si pikipiki. Nikasema mengi. Mama yako akaanza kuanikia kanga juu yake, na yule kuku mweupe akataga ndani ya kikapu.

Wewe hukunibishia. Lakini umeme ukirudi, kila mtu katika mtaa huu anakimbilia simu yake, na wewe ulikuwa unakimbilia betri ya baiskeli isiyopandwa na mtu. Nilikuuliza siku moja unahangaika nayo ya nini. Ukasema betri isipochajiwa inakufa. Ukasema hivyo tu, kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake, ukaendelea kuosha vyombo.

Basi nikaendelea kununa. Ningenuna mpaka leo. Kilichonitoa ni maneno niliyoyasikia kupitia dirisha la jikoni. Barua ya chuo cha Mwanza ilikuwa imeshafika, mama yako anashangilia, anasema tutakuwa na muuguzi ndani ya nyumba. Wewe ukasema labda ungoje mwaka mmoja kwanza. Mama yako akauliza ungoje nini. Ukasema, "Mpaka Papa apate nguvu. Nani atamupeleka huku na huku?"

Mwanangu, nyonga hii haiponi. Ungengoja mwaka, ungengoja na mwingine. Ningekuwa mimi ndiye nimekukalia juu ya maisha yako, na wala usingelalamika, ungekuwa unaniletea chai tu. Usiku ule niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barabarani, na barabara ya Bugarama nimeishuka na ndizi mgongoni mwa kinga isiyo na breki.

Wiki ileile Mama Felisita wa Buterere, yule mjane mteja wangu, akatuma neno kwamba cherehani chake kimegoma na ana sare za shule za kumaliza. Mafuta hayakuwepo mjini, magari yamelala, na yeye miguu yake imevimba, hawezi kubeba chuma kile mpaka Buyenzi. Nikaswali alfajiri. Nikamtoa kuku kwenye kikapu. Nikaitoa ile kijani nje kwa kunyata, kama mwizi wa baiskeli yake mwenyewe.

Kupanda kulikuwa rahisi mpaka nikacheka. Hakuna mwamba, unapitisha mguu kama unavyovuka kizingiti. Nikakaa, nikawasha, nikashika usukani kwa nguvu zangu zote nikingoja kurushwa. Hakuna kitu. Nimekaa pale mbele ya nyumba yangu kama mtu anayepigwa picha. Ndipo nikakanyaga, kidogo tu, nikasikia kitu kinanijia nyuma, taratibu, kama mtu ameniwekea kiganja mgongoni. Nikaacha kukanyaga, kiganja kikaondoka. Nikakanyaga tena, kikarudi. Haikubebi, Zaituni. Ukikaa bure na yenyewe inakaa bure. Inataka uanze wewe. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia, au labda shangazi yako aliniambia na mimi nilikuwa nimeshaanza kununa.

Nyonga? Ilikuwepo. Iliuma kidogo mwanzoni, halafu ikalegea, kwa sababu uzito wote uko kwenye tandiko na mguu unazunguka tu bila kubeba. Nilifika Buterere kabla jua halijachomoza. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mpunga, sioni maji, nasikia vyura tu. Yangeyange wamesimama huku na huku, weupe, hata hawakuruka nilipopita, maana baiskeli ile haina sauti. Njia haikuonekana mbele wala nyuma. Nikajiuliza kwa kweli kama nimeamka. Nilijifinya paja, mtu mzima mimi, nikaona linauma, nikaendelea na safari.

Mama Felisita alinikuta mlangoni kwake akashika mashavu. Nilipomaliza cherehani, akaanza kuizunguka ile baiskeli, anaigusa usukani, anaacha. Nikakumbuka kwamba zamani, mume wake akiwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mchele sokoni kwa kinga, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Nikamwambia apande. Akasema apana, akasema yeye ni mzee, ana mavimbe, watu watasema nini. Na huku anasema ameshakunja kitenge chake. Nikamshikilia tandiko, akazunguka ule uwanja wa kuanikia mpunga, mara ya kwanza akiwa ameng'ang'ana, mara ya pili akaniambia niachie. Alizunguka akiwa ameziba mdomo kwa mkono mmoja, anacheka bila sauti. Aliposhuka akakaa kwenye kigoda, akavuta pumzi. "Miguu iko bado," akasema. "Ilikuwa inangoja musaada tu." Macho yake yalikuwa na machozi, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Uliniuliza siku ile matope ya kwenye magurudumu yametoka wapi. Nikakwambia ni kuku. Ukasema kuku wa nyumba hii wana miguu ya ajabu. Nilidhani nimekudanganya vizuri.

Tangu hapo nikawa natoka kila umeme uliporuhusu, alfajiri, wewe ukiwa umelala. Kajaga nilifika, nikakaa kwenye mchanga, nikaangalia mitumbwi ikirudi na taa zake zikizimwa moja moja. Lakini si Kajaga niliyoitaka. Nilikuwa nimeshajua tarehe ya safari yako, na nilikuwa nataka kona.

Sasa nikueleze aibu ya mlimani, ucheke, maana hapo basi litakuwa bado limesimama Kamenge. Ujanani sisi wa ndizi hatukupanda mlima kwa kukanyaga. Unasubiri lori pale chini, likipita linahema, unashika nyuma yake kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye usukani, linakuvuta mpaka Bugarama. Wenzetu wanafanya mpaka leo, umewaona wamening'inia nyuma ya malori, polisi wasipowaona. Ni hatari, watu wamekufa, na sikusifii. Lakini mkono ulijifunza na mkono hausahau. Nilipofika chini ya mlima mara ya kwanza na baiskeli ya shangazi yako, nikasikia lori linakuja nyuma yangu, linalia kwa gia kubwa. Sikufikiri. Mkono wangu wa kushoto ukatoka wenyewe, ukakamata chuma cha nyuma. Mimi, na mvi zangu, juu ya baiskeli ya kijani yenye kikapu.

Nikaona jambo la ajabu. Mkono unavutwa nyuma badala ya kuvutwa mbele. Lori lilikuwa limebeba saruji, linatambaa, na mimi nilikuwa nakanyaga na moteri inasukuma. Mimi ndiye niliyekuwa nalivuta. Vijana walioning'inia upande wa pili wakanitazama, wakatazama miguu yangu, wakatazama kikapu. Mmoja akaniambia kwa heshima zote, "Muzee, achia tu. We uko na mbio kuliko kamyo."

Nikaachia. Nikalipita lori, Zaituni. Nikawapita vijana wote wale, nimekaa wima kama ninavyokaa msikitini, migomba inapita kushoto na kulia, ukungu ukaanza, na sikusikia uzito. Ilikuwa ile ndoto yenyewe, hata harufu ya udongo. Nikalia kidogo, si sana. Halafu betri ikafa.

Maana nilikuwa nimeipa nguvu yote tangu mlangoni kwetu, kwa furaha ya kijinga. Ilizima kabla ya kona, pale kwenye mikaratusi, na baiskeli ile bila umeme ni nzito kama ng'ombe aliyekataa. Nilikaa ukingoni mwa barabara. Vijana wa lori wakanipita tena, na walikuwa na adabu, hawakucheka mpaka walipofika mbele. Nikashuka mlima kwa mteremko. Ulipouliza nilikuwa wapi, nilikwambia mawaidha ya msikitini yalirefuka.

Siku nyingine nilijaribu kwa akili: nguvu ndogo kwenye tambarare, kubwa nikiiweka mlimani tu. Nikapita mikaratusi. Kona nikaiona kwa macho yangu, iko pale juu, na taa nyekundu ya betri ikaanza kuwaka. Nikageuza, nikiogopa kulala barabarani. Kwa hiyo nikuambie ukweli: mpaka usiku huu ninaoandika, kona sijaifikia hata mara moja.

Nataka nikuambie na jambo la ujana wangu, kwa sababu linakuhusu wewe na ukaidi uliourithi kwangu. Wakati wa ndizi tulikuwa na mzee mmoja katika kundi, anaitwa Mzee Saidi, aliyekuwa anashika lori hata kwenye kilima kidogo. Tulimcheka sana, mimi nikiongoza. Siku moja nikaapa mbele ya wote kwamba mimi nitapanda kwa miguu yangu mpaka Bugarama bila kushika kitu. Nikapanda. Niliteseka, nikatapika njiani, lakini nilifika, na soko lilikuwa limekwisha. Hakuna ndizi. Wanawake wanakunja mikeka. Mzee Saidi alikuwa ameshashuka zamani na mzigo wake. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza nilipandaje. Nilirudi Bujumbura na kinga tupu, na miguu yangu mizuri ambayo nilijisifia.

Ningekuwa nimejifunza siku ile, nisingesema pancha miaka yote baadaye. Lakini mimi ni mtu wa kujifunza kwa kuzunguka. Wewe utafika Mwanza, hujui mtu, masomo yatakuwa makubwa, na kutakuwa na asubuhi ambazo mguu utakataa. Nakufahamu. Utasema uko sawa. Utafunga mlango, utapiga upepo kwenye gurudumu lililojaa. Tafadhali usifanye hivyo. Akitokea mtu wa kukuwekea kiganja mgongoni, mwache akiweke, wewe endelea kukanyaga. Ila shika mahali unapoweza kuachia. Hilo Mzee Saidi alitufundisha kuhusu malori, kwamba usifunge kamba, ushike kwa vidole tu. Mimi nimeona linafaa na kwa watu pia, lakini utaona mwenyewe.

Na usigeuke nyuma kwa ajili ya nyonga yangu. Wateja wa Nyakabiga nimeshaanza kuwafuata tena, mama yako anajua. Mama Felisita anataka nimwulizie shangazi yako kama kontena jingine litakuja. Niko barabarani, mwanangu. Polepole, lakini niko.

Hapo juu ndipo nilipotaka kumaliza. Sasa ninaandika haya mengine baada ya kuinuka na kurudi, kwa haraka, utanisamehe mwandiko.

Umeme ulikatika tangu mchana, umeona. Jioni nzima nimekaa na roho juu, kwa sababu jana betri niliiacha nusu, na nusu hainifikishi hata kwenye mikaratusi. Wewe ulipokuwa unanipa mkono wa usiku mwema, nilikuwa nasikiliza kama friji ya jirani itaunguruma. Sikukusikiliza vizuri ulichosema, nami najuta. Nimeandika barua hii kwa taa ya simu, nikijiambia kwamba umeme usiporudi, nitaichana, nije kituoni kwa kukokota mguu, nikupungie kama watu wengine.

Ukarudi. Watoto wa jirani wakashangilia, taa ya uani ikawaka. Nikainuka mbio, mbio zangu hizi, kwenda kuchomeka betri.

Ilikuwa imeshachomekwa. Waya umenyooshwa mpaka ukutani, swichi iko chini, na kile kitaa kidogo kinawaka. Uliichomeka gizani, kabla ya kulala, umeme ukiwa haupo, ili ukirudi tu uingie. Nikagusa magurudumu, magumu. Umeyapiga upepo. Kuku umemhamisha. Na ndani ya kikapu, limekunjwa vizuri, liko sweta langu la zamani, lile la kahawia la kupandia mlima, ambalo sijalivaa tangu nilipoacha ndizi na ambalo mjini hapa kwa joto hili hakuna mtu analihitaji. Umelishona kiwiko.

Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka. Kumbe ulijua. Labda tangu yale matope. Ukanyamaza, ukawa unachaji, siku baada ya siku, ukaniacha nikudanganye na kuku na mawaidha. Na ule mwaka uliotaka kungoja, nikakumbuka kwamba hukuutaja tena. Hata lile neno la juzi, la kuniambia nipumzike nyumbani, sasa sijui ulilisema kwa kunihurumia au kwa kunichokoza ili nione wivu, na nikikufahamu ninavyokufahamu, ulichanganya yote mawili. Ni kama umenitolea ulimi tena kwa kile kioo cha nyuma.

Basi sina siri ya kukuambia tena, ila nakuambia vilevile. Nitaswali, nitatoka kabla yenu. Tambarare yote nitakwenda kwa nguvu ndogo. Sijui kama nitafika, Mungu ndiye ajuaye. Betri inajaa, lakini mlima nao unajulikana. Ukipita mikaratusi ukanikuta nimekaa ukingoni, nipungie, usimwambie dereva asimame.

Sasa kunja karatasi hii. Basi limeanza kuhema, unasikia? Fungua kioo, upande wa kulia, uangalie mbele kwenye kona. Tafuta sweta la kahawia.

Baba yako